Siku Mama Alipoifuata Bahari Malindi

Mimi ni mtu wa ratiba. Tulipompeleka mama Malindi Desemba iliyopita, mimi, ndugu yangu na wanangu wawili, nilikuwa nimeshapanga kila kitu tangu tukiwa Nakuru. Asubuhi tungeona nguzo ya Wareno yenye msalaba juu, kisha vichochoro vya mji wa kale, watoto wanunuliwe mabuyu, na bahari tungeiachia jioni.

Mama aliivuruga ratiba hiyo kabla ya chai kwisha. Kiharusi kilikuwa kimemlegeza mguu wa kushoto, na kwa miezi mingi alikuwa akijifunza kutembea upya uani kwake kule Kabazi, kati ya kabeji na zizi la ng'ombe. Jumapili moja aliwatangazia akina mama wenzake kanisani kwamba atasimama ndani ya bahari kwa miguu yake, bila kushikwa na mtu. Maji ukiyavulia nguo, sharti uyaoge.

"Twende kwanza tuone ule msalaba wa Wareno," nilimbembeleza.

"Msalaba niko nao kwa nyumba. Mimi nimekuja kuona bahari."

Tukaenda. Bahari haikuwepo. Sisi watu wa bara tulidhani hukaa mahali pamoja kama ziwa letu, kumbe maji yalikuwa yamekupwa, yakatuachia tope, mawe na majani, na mstari mweupe wa mawimbi kule mbali. Niliona aibu, kisha nikakasirika. Ratiba yote ile, na sikuwa nimemuuliza mtu yeyote maji hutoka saa ngapi!

"Mum, tungoje tu. Mchana itarudi yenyewe," ndugu yangu alisema.

Mama alikuwa ameshavua viatu. "Maji inafuatwa. Nimefuata ya mto tangu nikiwa msichana, na sijai ona ikinifuata."

"Sikio la kufa," ndugu yangu akaninong'oneza, lakini naye akavua viatu vyake.

Mkongojo wake ulizama topeni, akauchomoa. Ulizama tena, akauchomoa tena. Mguu wa kushoto ulipokataa kuinuka, alishika paja kwa mkono na kuusogeza mbele. Kila nilipomkaribia alinichapa vidole. "Toa hiyo mkono!" Katikati ya safari akapiga goti. Watoto wakamkimbilia, akawafokea warudi nyuma, akainuka mwenyewe, leso imelowa hadi kiunoni. Niliogopa ataanguka asiinuke tena. Niliogopa zaidi kwamba atageuka arudi.

Hakugeuka. Maji yalipomfika vifundoni alinikabidhi mkongojo. Wimbi dogo likachota mchanga chini ya nyayo zake, akayumba, akapanua miguu kama mtu anayejiandaa kutwishwa gunia, akasimama.

"Piga picha. Na mkono ya mtu isionekane hapo ndani."

Nikapiga, ingawa machozi hayakuniacha nione vizuri. Watoto walikuwa wakiruka na kupiga kelele, yeye hakuwatazama. Alitazama mbele, kidevu juu, midomo imekazwa, mpaka maji yakaanza kurudi na kumfika magotini. Tulijua mguu ule ulikuwa umechoka kabisa, maana paja lilitetemeka, lakini hakuna aliyethubutu kumshika.

Mwishowe akamgeukia ndugu yangu.

"Haya," akasema. "Kusimama nimemaliza. Sasa unaweza kunibeba."