Jambo Moja Zuri, Jambo Moja Baya

Mwanangu, hebu weka simu chini kidogo unisikilize mimi shangazi yako. Jana nilikusikia ukiongea na mama yako kule Kisii. "Tuko poa kabisa, mum, hakuna shida." Na mimi najua shifti zako kule Roseville zimepunguzwa, na gari lako lina wiki ya tatu kwa fundi. Sikugombezi. Chai yangu ilipoa tu, kwa sababu nilijisikia mimi mwenyewe nilipokuwa na umri wako, hapa hapa Marekani.

Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, nasomea uuguzi, na baada ya darasa nawatunza wazee majumbani. Nyumba niliyoipenda kuliko zote ilikuwa ya Bi Lois, mwalimu mstaafu wa mji mmoja mdogo kaskazini mwa Saint Paul. Mji ule una mji dada Ujerumani. Nikueleze maana yake, maana hata mimi nilipolisikia neno hilo mara ya kwanza nilidhani ni mameya wawili kupigwa picha tu. Ni miji miwili iliyokubaliana kuwa ndugu. Wanafunzi wa huku wanakwenda kulala katika nyumba za kule. Bendi ya kule inakuja kupiga huku wakati wa kiangazi, na kila mpiga tarumbeta anapewa familia ya kumlisha.

Kilichonishangaza zaidi ni walivyoanza. Kaka yake Bi Lois aliuawa katika vita vikuu vya pili. Kaka wa Hannelore, mwenzake wa kule Ujerumani, aliuawa katika vita hivyohivyo, upande wa pili. Na hao wawili ndio waliokuwa makatibu wa undugu huo, kila mmoja katika mji wake, wakiandikiana barua kila mwezi.

Barua zao zilikuwa na sheria moja: lazima ziseme jambo moja zuri na jambo moja baya. Zuri: bwawa la kuogelea limefunguliwa. Baya: mto umefurika, maji yameingia madarasani. Zuri: watoto wetu wamejifunza wimbo wenu. Baya: tumegombana kuhusu kukata miti, na wawili hawasalimiani. Kamati ilizisoma kwa sauti pale maktaba, na watu walicheka na kuhuzunika kana kwamba ni habari za mtaa wa pili.

"Kwa nini lazima baya liwepo?" nilimuuliza siku moja.

"Kwa sababu tulishadanganywa vya kutosha kuhusu wao," alisema, "na wao kuhusu sisi."

Mikono yake ilikuwa ikitetemeka na macho yamefifia, kwa hiyo yeye alisema, mimi nikaandika, kisha akatia sahihi. Hannelore naye masikio yake yalikuwa mazito, simu haikumfaa. Barua ndiyo iliyokuwa njia yao pekee.

Basi mwezi wa sita daktari akamwambia Bi Lois kwamba moyo wake umechoka. Siku ya barua ilipofika, akasema zuri lake, habari ya waridi zilizochanua, halafu akaendelea bila kubadilisha sauti: "Baya: moyo wangu unaishiwa nguvu. Daktari haniahidi kuyaona majira ya baridi. Hannelore, usingoje kuja na kundi lenu la mwezi wa tisa. Njoo sasa."

Mkono wangu ulisimama. Kwetu, mwanangu, unajua, ugonjwa hauandikwi. Barua inaanza na sisi hatujambo. Mtu akizidiwa, anatafutwa mtu mzima aende akakae, anywe chai, aulize habari za shamba, ndipo aseme polepole. Kumrushia mama wa watu habari kama ile kwa bahasha, ng'ambo ya bahari, niliona ni ukatili. Nikaandika: "Baya: mwaka huu mbu ni wengi mno." Bi Lois akatia sahihi. Nikabandika stempu, nikajiona mtoto mwenye adabu.

Jioni nikamsimulia binamu yangu Moraa, tuliyekuwa tukikaa naye nyumba moja Brooklyn Park. Akaacha kusonga ugali.

"Wee! Mgonjwa amekuambia andika kifo, wewe umeandika mbu?"

"Nimemhurumia yule mzee wa kule."

"Kama unavyomhurumia mama yako? Ile paper ya chuo uliyofeli, ameshaambiwa, ama nayo iliumwa na mbu?"

Nikamwambia ageuze ugali, unaungua.

Jibu lilikuja baada ya wiki tatu. Nilimsomea Bi Lois mezani. Hannelore alikuwa ameandika: "Nimefurahi kwamba baya lenu kubwa ni mbu. Kwa kuwa huko ni kwema, tumeona tuahirishe safari mpaka mwakani, shule zikifungwa."

Ningeweza kuliruka neno lile, mwakani. Lakini nililisoma.

"Soma tena," alisema Bi Lois.

Nikasoma tena.

"Mwakani," alisema. Vidole vyake vikagonga meza. "Kemunto, uliandika nini?"

Nikamwambia yote, nikilia, nikimweleza desturi yetu ya chai na mtu mzima. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Hiyo desturi ni nzuri," alisema. "Lakini huyo mtu mzima ni nani hapa? Ni barua. Hatuna mwingine. Nimeandikiana na mwanamke huyu tangu nywele zangu zikiwa nyeusi, na sijamdanganya hata kuhusu keki yake mbaya. Wewe umeniibia siku ambazo sina. Futa machozi. Utaandika wewe, kwa jina lako, na utaweka zuri na baya."

Nilikwenda maktaba, nikaandika barua, nikaituma kwa faksi siku ileile. Baya: nimeficha maneno ya rafiki yako, naye anakufa. Zuri: bado yupo, na amekasirika vizuri.

Hannelore alifika baada ya siku tisa, peke yake, na sanduku moja. Nilimpokea uwanja wa ndege. Garini, tulipokuwa tumeipita Richfield, akanigeukia. "Kumbe wewe ndiye mbu," akasema, akanishika mkono.

Walikaa jikoni wiki nzima wakibishana kuhusu mkate wa Marekani, ambao Hannelore alisema unafaa kuoshea vyombo. Theluji ya kwanza ilipoanguka, Bi Lois tulikuwa tumeshamzika. Kamati ikanieleza kwamba aliacha jina la katibu mpya. Jina langu. "Ameshakosea," aliwaambia, "hatarudia."

Mpaka leo ninaandika. Siku hizi ni baruapepe, na anayenijibu kule ni mpwa wa Hannelore, lakini sheria ni ileile. Miji ile miwili ilijengewa undugu na watu waliokuwa na kila sababu ya kuchukiana, na sijaona siri nyingine kwao zaidi ya hiyo.

Wiki ile ile ya faksi nilimpigia mama yangu nikamwambia kuhusu mtihani niliofeli. Akasema, "Nilijua. Sauti yako ilikuwa imechangamka mno."

Mwanangu, anayekupenda kutoka mbali hana macho ya kukuona. Ana maneno yako tu. Ukimpa mazuri pekee, anaishi na mtu ambaye si wewe, na siku ukimhitaji hatajua njia. Mungu akupe watu wa kukungoja kila uendako, akupe na moyo wa kuwaambia ulivyo.

Sasa chukua simu yako. Mpigie mama, mwambie jambo moja zuri, kisha mwambie habari ya gari.