Bomba Kwenye Tanuri ya Mkate

Miaka ile ya tisini nilikuwa na tanuri ya matofali nyuma ya nyumba yangu, Homa Bay. Mkate wangu ulifika mpaka Rusinga. Shule sikukaa sana, lakini joto nalijua. Unawasha kuni ndani, unangoja matofali yashike moto, unafagia makaa, unaingiza mkate na kufunga mlango. Ukifungua mapema, katikati unabaki unga.

Kijana wangu alikuwa na gereji Migori. Magari ya watu aliyatengeneza apate chakula. Lake lilikuwa la mashindano, yale ya kukimbizana kwenye barabara za vumbi. Dada yake, kitinda mimba wangu, ndiye aliyekaa kando yake na kumsomea kona kwenye ramani. Sikuipenda kazi hiyo, wala sikuikataza. Tangu afiwe na mume, sikuwa nimemwona akicheka kwa kitu kingine chochote.

Siku moja binti alikuja akichechemea. Nikamwambia avue kiatu. Soli ilikuwa imeyeyuka, na wayo umetoka lengelenge kubwa kama andazi. Bomba la moshi lilipita chini ya miguu yake, na injini ile ikikazwa bomba linakuwa jekundu, joto linapenya bati mpaka ndani.

"Ni kidogo tu, Mama."

"Kidogo cha nani? Gari hilo hupandi tena."

Hakubishana. Alivaa kiatu chake akaenda kuosha vyombo, na hilo ndilo lililoniuma. Alikuwa amenyamaza hivyo hivyo siku tuliyomzika mume wake.

Kidonda kilipokauka, kaka yake akaja Ijumaa moja na bomba begani. Alikuwa amelisugua kwa mchanga na kulipaka rangi aliyotumiwa kutoka Nairobi. Akanieleza kwamba rangi hiyo ina udongo kama wa vikombe vya kauri. Inalifungia joto ndani ya bomba, likatokee nyuma pamoja na moshi, lisirudi kwa injini wala kwa miguu ya mtu. Lakini ni lazima ichomwe, kisha ipoe polepole. Mara ya kwanza aliichoma kwa jiko la makaa pale gereji, akalitoa bomba likiwa bado moto ili aone limekuwaje. Rangi ikabanduka kama maganda ya kitunguu. Iliyobaki mkebeni ilitosha mara hii moja tu.

"Nataka tanuri yako, Mama."

"Ya chakula?"

"Baadaye tutawasha moto mtupu, isafike."

"Na mkate wa kwanza utaula wewe. Mashindano ni lini?"

"Keshokutwa."

Mimi ni Msabato. Jua la Ijumaa likizama, kwangu hakuna kazi mpaka lizame tena Jumamosi. Nikamtazama binti yangu. Alikuwa mlangoni akichambua dagaa za omena, ile ile moja, muda wote tukiongea.

"Lete," nikasema. "Lakini mlango nitaufungua mimi, jua la kesho likishazama."

"Mama! Nitalifunga bomba kwenye gari saa ngapi?"

"Hiyo utajua wewe."

Nikatoa mkate wa mwisho, tukaingiza bomba, nikaziba mlango kwa udongo. Jua lilikuwa bado juu ya ziwa.

Kesho yake, tuliporudi kutoka kanisani, kijana akaanza kuzunguka tanuri kama paka aliyesikia harufu ya samaki.

"Nichungulie kidogo tu."

"Kidogo hicho ndicho kilichokubandulia rangi ya kwanza."

Nikaweka kigoda mbele ya mlango, nikakaa na Biblia yangu. Mzee wa kanisa akapita kutusalimia, akasikia joto la matofali.

"Mama, hii tanuri inafanya kazi siku ya Sabato?"

"Inapoa, mzee. Kupoa nako ni kazi?"

Akacheka, akaenda zake. Binti hakucheka. Alikuwa anaangalia jua.

Lilipozama nikabomoa udongo. Bomba lilitoka la kijivu kama jivu. Nililikwaruza kwa ukucha na rangi haikubanduka.

Jumapili nikaenda Migori, nikasimama pale wanapomalizia. Walitokea upande wa Ogwedhi, vumbi tupu. Nani alitangulia mimi sijui. Kijana aliruka nje akipiga kelele, "Mama, mshale wa joto la injini haukupita katikati!" Nikampita.

"Vua kiatu," nikamwambia dada yake.

"Hapa? Mbele ya watu?"

"Hapa."

Akavua. Soli ilikuwa nzima. Nikaushika wayo wake kwa mikono miwili, nikaupapasa pale palipokuwa na kovu. Ulikuwa na joto la mguu wa mtu tu.

"Sasa, Mama? Mwezi ujao kuna mashindano mengine."

Uso wake ulikuwa mwekundu kwa vumbi, meno yote nje.

"Sasa vaa kiatu, watu wanakuangalia. Na mwezi ujao uvae soksi nzito."