Wazee Zamu ya Kwanza

Siku yangu ya kwanza kazini nilikwenda na viatu vya sikukuu. Kambi ya wageni ilikuwa jirani na Mloka, ukingoni mwa Rufiji, na Meneja wa Kambi, mama wa Kitanga asiyecheka ovyo, alinitazama miguu akasema, "Binti, hapa tunapanda boti, hatuendi harusini." Nikavua. Nilishinda pekupeku kutwa nzima.

Mimi ni Zuhura, mzaliwa wa Mtawanya, Kibiti, na kazi iliyonilisha ni kupanga safari za wapiga picha za wanyama. Vijana mnadhani ni kukata tiketi tu. Thubutu! Meneja alinifundisha kwamba mpiga picha hafuati mnyama peke yake, anafuata na mwanga. Boti ikae jua likiwa mgongoni, injini izimwe mapema kiboko asitaharuki. "Ukimkalisha mgeni upande mbaya," aliniambia, "atarudi kwao na picha za maji matupu, na atakulaumu wewe, hatamlaumu kiboko."

Kampuni ile ile iliuza pia safari za meli kwenda ncha za dunia, huko kwenye barafu, kupiga picha sili, wale wanyama wa baharini wenye masharubu, na pengwini, ndege wasioruka. Nikahamishiwa ofisi ya Dar es Salaam kuzipanga: nguo za baridi, vibali, msimu wa makinda kuanguliwa. Niliipanga baridi miaka na miaka bila kuionja. Kisha Mkuu wa Ofisi akaniita: "Zuhura, mpanga safari wa melini amejifungua. Safari hii unakwenda wewe."

Nikamuaga mama. "Barafu?" akashangaa. "Weye nawe! Si zimejaa tele stendi ya Kibiti?"

Baridi ya kule usiombe. Nilijikaza kisabuni. Mezani nilikaa na mgeni mmoja mzee, mjane, Bwana Henriki, kwa kuwa sote wawili hatukuwa wanywaji. Siku moja alisafisha kamera yake kwa kuipapasa, akaniambia, "Daktari anasema macho haya yanazimika. Nataka nimwone pengwini kwao, nimpige picha hata moja. Baada ya hapo giza lije tu." Roho iliniuma. Baba yangu naye alifariki akiwa haoni.

Sheria za kule haziruhusu watu wengi kukanyaga ufukwe mmoja kwa pamoja, kwa hiyo wageni hushushwa kwa zamu, kwa boti za mpira. Kupanga zamu ilikuwa kazi yangu. Nikawatanguliza wazee, na Bwana Henriki nikamweka wa kwanza kabisa. Kwetu hata kivukoni mzee hutangulia, na kijana akimpita atasemwa mpaka kwao.

Tuliposhuka, Kiongozi wa Msafara, mwanamke mrefu mwenye sauti ya mwalimu wa zamu, aliwaona wazee wangu wakizama kwenye theluji hadi magotini.

"Nani amewaweka hawa kwanza?"

"Mimi."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu ni wazee."

"Zuhura! Zamu ya kwanza ndiyo inayokanyaga theluji mbichi. Vijana hufungua njia, wazee huja mwisho!"

Loh! Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Bwana Henriki alijaribu hatua chache, akarudi akaketi juu ya sanduku la vifaa, pale pale ukingoni mwa maji. "Ndege wako kule mlimani," akasema akihema, "na mimi niko huku."

Ghafla Nahodha akaita kwenye redio: upepo umegeuka, rudini wote, zamu zilizobaki hazishuki tena. Watu wakakimbilia boti. Nilikuwa namshika mkono mzee wangu anyanyuke, pengwini wakaanza kuchomoka baharini wakirudi kwao, wakitua kifua mbele. Mmoja akaja akasimama mbele ya sanduku, akamkagua mzee juu hadi chini.

"Usisogee," nikamnong'oneza, maana ni marufuku kuwasogelea.

"Sisogei mimi. Yeye ndiye anayesogea."

Akapiga picha. Kisha akashusha kamera, akamtazama tu, machozi yakimtoka. Na mimi nililia, sioni aibu kusema.

Vijana waliokosa zamu walinuna hadi chakula cha jioni, na walikuwa na haki yao. Kiongozi akaniambia, "Kesho vijana kwanza." Nikasema sawa. Halafu akanimiminia chai mwenyewe.

Sasa nimestaafu, niko Kibiti. Picha ile Bwana Henriki aliniletea, iko sebuleni, na majirani huniuliza huyu bata wa wapi. Siku hizi macho yangu nayo yameingia ukungu, pengwini namwona kama nyuma ya pazia. Juzi nilikwenda hospitali, foleni ndefu, binti mmoja akaniambia, "Bibi, pita mbele."

Nilikasirika. Bibi nani? Nikafungua mdomo nimpe vidonge vyake, nikamkumbuka mzee juu ya lile sanduku. Nikamshukuru binti, nikapita.

Daktari akauliza, "Shida nini, bibi?"

"Kuna picha nyumbani kwangu," nikamwambia. "Nataka niendelee kuiona."