Mkalimani wa Josho la Ringwani

Watu walipokwisha kuhamishiwa kijijini Ringwani na kupangwa kwa mistari kama mahindi, ng'ombe wote waliogeshwa kwenye josho moja. Msimamizi alikuwa Daktari Anselmo, mganga wa mifugo kutoka Kuba, na mdomo wake kwa wanakijiji alikuwa Kisyeri.

Kisyeri hakuwahi kukalia dawati. Kihispania alikiokota hapohapo joshoni, neno kwa neno, ng'ombe wakisubiri kukauka. Kilichomnogea zaidi ni namna ya kukataza. Aligundua kwamba kitenzi cha kawaida hugeuza mwisho wake: chenye -ar huchukua e, chenye -er au -ir huchukua a, na mbele linakaa "no". Hablar, kusema: no hables, usiseme. Comer, kula: no comas, usile.

"Hata sisi tunageuza," alimwambia mkewe, Bhoke. "Kata, usikate. Huyu mzungu ni ndugu yetu."

"Basi ndugu yako akupe sabuni," Bhoke alijibu.

Lakini makatazo hayo Kisyeri hakuyatoa mabichi. Kwa Wakurya wa wakati ule, kizazi cha mwana hakikukikataza kizazi cha baba. Daktari akipaza sauti, "No entres!", yaani usiingie, Kisyeri alimgeukia mzee na kusema, "Tata, kivuli kile kizuri, tusimame kidogo." Mzee akasimama, na heshima yake nzima. Ustadi huo haukupata mrithi. Siku hizi mjukuu anamkemea babu yake kama anayefukuza kuku.

Ndipo mwenyekiti wa kijiji akaagiza Mseti, mwalimu wa elimu ya watu wazima, naye afundishwe Kihispania. Kisyeri akamfundisha kwa moyo mweupe. Haikupita masika, Mseti akawa ndiye anayebeba mkoba wa daktari, anavuta sigara zake, anacheka utani ambao Kisyeri aliufikia umekwisha. Kila daktari alipoita "Mseti!", Kisyeri alikuwa kama mke mkubwa anayesikia ngoma ya harusi uani kwake.

Siku moja Tata Werema, mzee wa rika la baba yake Mseti, alishika fito za lango la josho. Ndama wake alikuwa bado anaogelea, na nyuma ya lango fahali alikuwa akikoroma. Fito zikivutwa, fahali angemrukia ndama majini.

"No abras!" daktari akapiga kelele.

"Usifungue!" Mseti akadakia, vilevile kama lilivyotoka.

Werema akageuka. "Wewe unanikataza mimi? Nimetahiriwa siku moja na baba yako!"

"Nimesema usifungue!"

Kisyeri alikuwa karibu. Maneno laini yalikuwa tayari ulimini: Tata, njoo unitazamie mguu wa ng'ombe huyu. Akayameza. Acha aumbuke, alijisemea. Acha daktari aone nani ni nani.

Werema akazivuta fito kwa hasira. Fahali akaruka. Ndama alipotolewa chini ya kwato alikuwa amekufa, dawa inamtiririka puani, na Werema akakaa chini palepale, mikono kichwani.

Daktari alikuja, amelowa mpaka kiunoni. "Kisyeri. Wewe sikia mimi?"

"Nilikusikia."

"Kwa nini kimya?"

Kisyeri alitazama tope. Daktari akamgeukia Mseti.

"No llames más a Kisyeri."

Usimwite tena Kisyeri. Llamar, llames, mwenyewe ndiye aliyemfundisha Mseti neno hilo.

Mseti alisitasita. Alimtazama daktari, akamtazama mwalimu wake.

"Mzee," alisema taratibu, "daktari anaona umechoka. Anasema ukapumzike nyumbani kidogo."

"Asante, mwanangu," Kisyeri akajibu, akaokota fimbo yake akaondoka, kama mtu ambaye hajaelewa.