Bia Nyeupe ya Kuondoa Kilio

Kwa ukoo wa marehemu mume wangu, bia ya kuondoa kilio hupikwa na mjane mwenyewe, na haitakiwi kuwa nyeusi. Ikitoka nyeusi, wanasema moyo wake una neno na marehemu. Basi havui nguo za kilio, wala harudi kuuza sokoni Kikula. Mimi nilikuwa nimezivaa mwaka na zaidi, nimezichoka hadi mifupani.

Mdogo wangu, dereva wa lori, aliniletea kutoka Zambia makopo mawili ya sirop ya malt, maji matamu ya shayiri ya kupikia bia, nzito kama asali. Nikaipika kama mama alivyonifundisha kupika kila kinywaji: moto mwingi, tena muda mrefu. Nikamimina kopo zima ndani ya maji, nikakaa na jiko la makaa saa nzima, maana umeme wa bwawa la Koni unapita juu ya paa letu ukienda zake. Ilipopoa nikatia hamira, nikangoja wiki mbili. Ikatoka nyeusi kama chai iliyosahauliwa jikoni.

Dada mkubwa wa mume wangu, ninayemwita yaya, alikuja kuionja. Hakuonja. Aliinua glasi kwenye mwanga wa dirisha, akaiweka chini.

"Weye unajua kile ulimufanyia ndugu yetu," akasema.

Yule mtu nilimuuguza miezi saba. Nilimgeuza, nilimwogesha, nilimlisha uji kwa kijiko. Bia yote nikaimwaga mtaroni.

Nikisuuza lile kopo kwa maji ya moto, nikaona masalio ya sirop yamegeuka njano hafifu. Kumbe si moyo wangu, ni moto! Ikichemka sana inaungua. Kopo la pili nilitia robo tu mwanzoni, iliyobaki nikaimimina dakika za mwisho, kabla ya kuepua. Ikatoka nyeupe kama ya dukani.

Safari hii yaya alikunywa. Alikuja na ukoo mzima, wakanivua nguo nyeusi uani, wakaniogesha, wakapiga vigelegele, nami nikalia kwa furaha kama mjinga. Alipofika glasi ya tatu akasema, taratibu kabisa:

"Sasa kilio imeisha, hauko tena muke wa ndugu yetu. Nyumba tunaikamata mwisho wa mwezi."

Nyumba ambayo matofali yake niliyabeba kichwani. Ndipo nikaelewa. Mjane aliyevaa nyeusi hakuna anayethubutu kumfukuza, mtaa mzima ungewazomea. Walikuwa wananisubiri niwafungulie mlango mwenyewe. Laiti ningeendelea kuwapikia nyeusi, mwaka hadi mwaka, hata leo ningekuwa ndani.

Yaya akaninyooshea glasi yake. Nikamwongezea, tena nikainamisha chupa polepole povu lisije likamwagika.