Kuandika Ubao Huku Mayai Yakingoja

Mama mmoja wa Kibati, nje kidogo ya Goma, aliingia katika kibanda changu cha ufundi akitembea taratibu, kama mjamzito wa miezi tisa. Mkononi alishika ubao wa mashine yake ya kutotolea vifaranga. Tumboni, ndani ya kitenge alichojifunga mara mbili, alikuwa amebeba mayai.

"Courant ilirudia na nguvu, mashine ikanyamaza," aliniambia. "Na hii mayai iko karibu kupasuka itoshe batoto. Ikipata baridi, yote inakufa."

Mimi ni mwanamke asiye na subira, mtaa mzima utakuambia. Nilimwonyesha kiti, akakataa asije akayaponda. Nikamwambia ayaweke mezani, akakataa pia. Basi akasimama nyuma yangu akinipumulia shingoni, nami nikaudhika kimyakimya.

Mashine ile nilimtengenezea mwenyewe. Kwenye ubao kuna chip ndogo inayoamua joto lipande lini na lishuke lini. Programu hukaa ndani ya chip hiyohiyo, katika kumbukumbu isiyofutika hata umeme ukiondoka, lakini safari hii mshtuko wa umeme uliporudi ulikuwa umeivuruga. Nakala ninayo kwenye kompyuta, na sina haja ya kuing'oa chip. Nagusisha nyaya tano kwenye ubao, naiandika upya palepale ilipo. Ni kazi ya muda mfupi.

Kompyuta ikasema haioni chip yoyote. Nikabadilisha nyaya, nikasugua miguu ya chip kwa brashi, nikatukana kidogo. Wapi! Kila nilipochomeka nilisikia mlio mwembamba sana.

"Kifaranga hicho," nikasema nikigeuka.

"Hapana, mwanangu. Hiyo iko kengele. Bwana yangu njo alitiaka, ikuwe inalia kama courant inakatika, niamuke niwashe mbabula, mayai isipate baridi."

Nikaugeuza ubao. Kweli, waya mwekundu ulitoka kwenye kikengele kilichobandikwa chini yake hadi mguu uleule wa chip ninaoutumia kuandikia. Sikuweza kumlaumu bwana yule. Hapa Goma kila mtu huongeza kitu cha kumwambia kwamba umeme umeondoka, hata mimi ninacho nyumbani. Sasa ubao ulikuwa mezani pangu, haujaunganishwa na umeme wa ukutani, na kengele ikadhani umekatika. Ikaushikilia ule mguu ikijaribu kulia, na maandishi ya kompyuta yakakosa pa kupita. Nilicheka, hasira ikaniisha.

Nikautoa waya kwa pasi ya kuchomelea, nikaandika tena. Mstari wa kijani ulisogea pole pole hadi mwisho, na taa ya ubao ikawaka. Nikairudisha kengele mahali pake, maana bila hiyo mama angelala usingizi na mbabula, jiko lake la makaa, haijawashwa.

"Chukua, mama. Enda mbio."

Hakuupokea. Alikuwa amekaza macho ukutani, mikono yote miwili juu ya kitenge. Nilishikwa na hofu kwamba nimechelewa, na muda wote ule niliopoteza nikinung'unika ukaniuma.

"Mama, iko nini?"

Aliuchukua mkono wangu, akaulaza tumboni pake na kuukandamiza kidogo. Kitenge kilikuwa na joto. Kitu kidogo kiligonga kiganja changu kutoka ndani, kikanyamaza, kikagonga tena.