Aliyempokea Mtoto Dirishani

Nakumbuka Jumapili moja, mwanangu, nilivaa shati langu la kanisani nikaenda kwenye karamu ya watu kwa nia ya kuiharibu.

Wakati huo nilikuwa zimamoto hapa Mwanza, lakini moyoni bado nilikuwa mchezaji. Nilicheza winga katika timu ya kiwanda cha pamba, mpaka kiwanda kikauzwa kwa mwekezaji, naye mambo ya mpira hakuyataka. Usijisumbue kuwauliza wapenzi wa mpira jina langu, hawalijui. Nilikimbia pembeni, nikapiga krosi, mwingine akafunga, akabebwa mabegani. Niliacha mpira nikiwa na njaa ya kusifiwa, na njaa hiyo haiondolewi na ugali.

Wiki moja kabla ya karamu, nyumba iliungua Nyegezi, mchana. Watu walizoea kututania kwamba tunaishi kando ya ziwa lakini gari letu huja kavu. Siku hiyo, namshukuru Mungu, lilikuwa na maji. Binti mdogo alikuwa amebaki ndani. Niliingia nikitambaa kwenye moshi, nikamkuta chini ya kitanda, nikampitisha dirishani. Nje alikuwapo jirani yao, Masanja, muuza nyama. Akampokea, akakimbia naye kwa mama yake. Mimi nilitafuta mlango wa kutokea, na nilipofika nje nikikohoa, watu walikuwa wamembeba Masanja juu juu, wakidhani yeye ndiye aliyemtoa motoni. Hata kikombe cha maji sikupewa.

Niliposikia familia ya mtoto inamchinjia Masanja mbuzi, damu ilinichemka. Nikamwendea mkuu wa zamu yetu, Mzee Bwire, Mjita asiyependa maneno mengi.

"Shikamoo, afande. Naenda kuwaambia ukweli."

"Marahaba. Mtoto anapumua?"

"Anapumua."

"Basi kazi umeimaliza. Hiyo nyingine unayoitafuta ni nini?"

Nilikwenda hivyo hivyo. Sikio la kufa halisikii dawa. Mzee akanifuata mpaka karamuni, akaketi karibu nami.

Mara mama wa mtoto akasimama. "Jamani, mnajua sisi na Masanja tulikuwa hatuzikani, kwa ajili ya mpaka wa shamba. Mume wangu alipofariki, huyu hakukanyaga msibani. Leo mwanangu yuko hai kwa mikono yake. Yaliyopita si ndwele."

Vigelegele vikapigwa. Masanja akainuka kujibu, ndipo akaniona. Uso ukamshuka. Aliniinulia mkono, kisha akaushusha. Nilielewa kwamba anataka kukiri na anaogopa, na kwamba neno langu moja lingewarudisha wote kwenye ugomvi wao. Niliogopa, mwanangu, kuliko nilivyoogopa ndani ya moshi. Mzee Bwire hakunitazama. Aliendelea kutafuna nyama yake.

Nikasimama. "Mimi ndiye zimamoto niliyekuwa ndani," nikasema. "Nilipomfikisha mtoto dirishani, mikono ilikuwa imeniishia nguvu. Asingekuwapo jirani huyu wa kumpokea, ningemwangusha."

Ilikuwa kweli tupu, na sikuwahi kuifikiria mpaka nilipoisema.

Mama alitutazama kwa zamu. "Kumbe mlikuwa wawili," akasema. "Basi sogeeni, mle sahani moja."

Masanja alikula huku akilia, wala hakuona haya. Nami nilishiba.

Sasa nisikilize, mwanangu. Kidole kimoja hakivunji chawa, na wema hauozi hata ukikosa mwenyewe. Kabla hujadai sifa yako, tazama kwanza itavunja nini ikitoka. Na ukweli ukilazimika kusemwa, useme wote. Usiseme ile nusu inayokusifu wewe peke yako.

Mungu akupe kazi ya kuokoa watu, hata kama ni ya ofisini au ya shambani. Akupe jirani mwema nje ya kila dirisha. Nenda salama, mwanangu, na baraka zangu zote unazo.